Mstari wa Kumi na Mbili wa Ghala la Saba

Ofisini walimwita Rula, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila asubuhi alitoa kwenye droo rula ya plastiki iliyokatika pembe moja, akaiweka juu ya kioo cha kompyuta chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Akimaliza mstari anashusha rula. Akimaliza faili anafuta kioo kwa ukingo wa shati, kwa sababu meneja alikwisha kulalamika mara mbili juu ya michubuko.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa ndugu zake walishindwa kuielewa kwa miaka ishirini na miwili, wakaishia kuwaambia watu kwamba anatengeneza kompyuta. Kampuni iliandika programu ya kulinda vyumba vya baridi vya dawa. Maghala yalikuwa kumi na tisa, na kila moja lilikuwa na faili lake dogo la mipangilio: joto lisizidi kiasi gani, king'ora kilie baada ya dakika ngapi, nani atafutwe kwanza kwa simu, nani wa pili. Watu wa ghala waliliandika wenyewe wakalituma. Waandishi wa programu wakaliunganisha na kazi yao, kisha mtambo ukakusanya vyote, ukajenga programu moja kamili na kuipeleka kwenye maghala yote. Hiyo iliitwa siku ya ujenzi, nayo ilikuwa kila Jumatano. Tofali hata moja halikuhusika.

Lakini mtambo haukuanza kujenga mpaka Rula asome mafaili yote kumi na tisa na kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Yamepitiwa". Watu wenye shahada zao, wanaojua mambo ambayo yeye hakuyajua hata majina, walikaa wakimngoja wakichezea vikombe vitupu. Yeye hakuwa na haraka na mtu. Alizijua tabia za mafaili kama mwalimu anavyozijua hati za wanafunzi. Ghala la tatu walisahau saa za kazi. Ghala la tisa waliandika majina ya utani badala ya majina kamili. Ghala la kumi na nne lilikuwa na bwana mmoja aliyependa kuzibadili namba kidogo ili zipendeze, nyuzi saba na nusu zikawa nane kwa sababu tu nane ilimpendeza.

Na mke alimpata humo humo. Fundi wa majokofu wa ghala la saba alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya kufika mbali, na mafaili yake yalikuwa safi kabisa isipokuwa mstari wa kumi na mbili. Huo ni mstari wa namba ya simu ya mtu wa kwanza kutafutwa, na yeye aliuacha wazi kila mara. Rula akamrudishia faili. Likaja tena vile vile. Akarudisha. Mara ya tatu mwanamke akapiga simu ofisini, akamwambia mbele ya watu wote, maana spika ilikuwa imefunguliwa, "Sema tu unaitaka namba yangu, usisingizie faili." Ofisi nzima ikacheka wiki mbili. Mwaka uliofuata wakaoana, na mwaka uliofuata huo wakapata binti. Baadaye, binti huyo alipoanza kushona, baba yake alimwita Sindano.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, mke wa Rula aliugua Jumanne, akalazwa Alhamisi, na wiki ya tatu akafa. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna namna ya kuipamba. Siku ya mazishi aliyesema maneno ni kaka yake Rula. Yeye mwenyewe alisimama, akashikwa mikono na watu mia mbili, akaitikia kila mmoja. Siku ya nane akarudi kazini na rula yake. Watu wakanong'onezana kwamba mzee ni imara, amejikaza. Hawakujua kitu. Alikuwa amekufa ganzi tangu utosini hadi unyayoni, na mtu wa namna hiyo ukimtazama kwa nje utamwona imara kweli kweli.

Jumatano hiyo alifika kwenye faili la ghala la saba. Mstari wa kumi na mbili ulikuwa na namba ya mke wake. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akashusha rula. Hakuamua lolote. Mkono ulishuka kama ulivyozoea kushuka, na programu ikajengwa.

Jumatatu iliyofuata, simu ya marehemu ikalia. Rula alikuwa nayo mfukoni kwa sababu hospitali walimpa pamoja na viatu na kitenge, naye akaichaji bila kujiuliza anaichajia nini. Sasa, kila Jumatatu saa nne asubuhi programu ilimpelekea ujumbe mtu wa kwanza wa kila ghala ili kuhakikisha kwamba anapatikana. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Ghala la saba. Upo?" Jibu lilikuwa neno moja. Rula akautazama kwa muda, kisha kidole gumba kikaandika: "Nipo."

Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na skrini kubwa yenye mistari kumi na tisa. Mstari wa saba ukageuka kijani. Ukaandika jina la mke wake lote, la kwake na la baba yake, na mbele yake neno NIPO. Ukakaa hapo mpaka saa tano, skrini ilipobadilika. Hakuna mwingine aliyeusoma, kwa kuwa ofisini watu huisoma skrini ile pakiwa na nyekundu tu. Rula aliusoma saa nzima. Hakusikia furaha, wala hakusikia uchungu. Aliona tu kwamba jambo moja lilikuwa mahali pake.

Mpaka hapo naweza kumtetea. Lakini miezi minne baadaye ghala la saba wakaajiri fundi mwingine, kijana mtaratibu aliyepanga chumba hatua mia kutoka langoni, na mtunza ghala, mama mmoja aliyekuwa shoga wa marehemu tangu ujana wao, akatuma faili lenye namba mpya. Rula akalirudisha. Akaandika chini yake: "Mstari wa kumi na mbili ubaki kama ulivyokuwa." Mtunza ghala akaelewa mara moja. Akaurudisha mstari, akamwandika fundi mpya kuwa mtu wa pili, na hakuuliza. Hapo Rula aliamua, macho makavu, na aliyajua anayoyafanya.

Basi wakaishi hivyo. Nyumbani Sindano alishona sebuleni, baba akarudi saa kumi na mbili jioni, akala, akaosha sahani yake, akauliza wateja walikuwa wangapi. Kuhusu mama alisema "hayupo", kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema katoka kidogo, ametumwa dukani. Binti alijaribu mara mbili tatu kuyafungua mazungumzo. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ni kweli, akaenda kulala. Sindano akaacha, akaongeza kasi ya cherehani. Alikuwa na miaka kumi na sita mama yake alipofariki, na sasa alikuwa na kumi na tisa.

Kilichovunja mpango huo ni namba themanini.

Ghala la kumi na moja walituma faili lao, na mahali pa joto la kuliza king'ora, palipotakiwa nyuzi nane, mtu akaandika themanini. Kwa themanini, dawa zingechemka kama chai na king'ora kingenyamaza tu. Rula aliusoma mstari huo. Alikumbuka baadaye sauti yake mwenyewe ikisema "themanini", wazi kabisa, na rula ikishuka. Hakuna kilichoshtuka ndani yake. Zamani angeruka kwenye kiti. Siku ya pili yake mama mmoja wa ghala hilo akaona kiwango kile kwenye skrini yake, akapiga simu akicheka, akauliza kama kampuni imeanza biashara ya kuoka mikate. Hakuna dawa iliyoharibika.

Meneja alimwita Rula kwa upole. Ni upole ule wanaofanyiwa wafiwa, na ulikuwa umemzunguka kwa miaka mitatu. Hakumkaripia. Akamwambia mambo yamekuwa mengi kwa jicho la mtu mmoja, na kwamba ukaguzi utaingizwa ndani ya ujenzi wenyewe. Kuanzia sasa mtambo utasoma mafaili kabla ya kujenga. Likiwamo kosa, utakataa, utawaka nyekundu na kutaja faili na mstari. Hatapoteza kazi, atahamia kuandika miongozo. Ila kwanza ampe mhandisi kila kanuni aliyo nayo kichwani. Rula akasema sawa. Akaulizwa kama ana neno. Akasema hana.

Mhandisi alikuwa dada mmoja aliyeitwa Upesi, kwa sababu ya mwendo na kwa sababu ya maneno. Alikuwa ameajiriwa mwaka uliotangulia, na habari za nyumbani kwa Rula alikuwa hazijui. Wakakaa pamoja siku tisa kwenye chumba cha kona chenye feni moja mbovu. Rula anasema, Upesi anaandika. Joto la chini lisiwe juu ya joto la juu. Dakika za king'ora zisizidi kumi na tano. Jina liwe na maneno mawili, hiyo ni dawa ya ghala la tisa. Saa ya kufunga isitangulie saa ya kufungua. Namba isiyo na desimali pale ghala la kumi na nne itiliwe shaka, hata ikipendeza.

Upesi alistaajabu na hakuficha. Akasema yeye alidhani kazi ile ni ya kukodoa macho tu, kumbe mzee ametembea na sheria arobaini kichwani bila karatasi. Rula alisikia sifa hiyo kama mtu anayesikia redio ya jirani. Siku ya sita Upesi akakijaribu kikaguzi kwa mara ya kwanza. Mafaili kumi na tisa, ambayo Rula aliyasoma kwa saa tatu na nusu, yalipita kwa sekunde mbili. Upesi akamtazama kwa chati, akiogopa kwamba amemuumiza. Hakuwa amemuumiza. Rula aliuliza kama choo cha chini kimekwisha kutengenezwa.

Siku ya tisa wakafika kwenye namba za simu. Rula akasema ziwe tarakimu kumi, zianze na sifuri, namba ya kwanza isifanane na ya pili.

"Basi?" akauliza Upesi.

"Basi."

Hapo ndipo penyewe. Namba ya marehemu ilikuwa na tarakimu kumi, ilianza na sifuri, haikufanana na nyingine yoyote. Kwa kanuni alizozitoa Rula, ingepita kila Jumatano mpaka mwisho wa dunia, na sasa hata yeye asingekuwapo kuisoma. Kila Jumatatu saa nne jina lile lingewaka kijani. Alijua kanuni iliyokosekana. Kila namba lazima iwe ya mtu aliyemo kwenye orodha ya wafanyakazi wa sasa. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu angelifikiria. Akiitoa, jina la mke wake litaondoka ukutani. Akiificha, chumba cha baridi kilichojaa dawa za watu kitaendelea kulindwa na simu iliyo mfukoni mwake. Akaificha, akaenda zake nyumbani. Kikaguzi kilipangwa kuanza kazi Jumatano ijayo.

Jumapili mchana Rula alikwenda kunyolewa. Simu yake alikuwa nayo, ile nyingine aliiacha sebuleni ikichaji, kwa sababu Jumapili haikuwahi kulia. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa, binti yake alipompigia.

"Baba," Sindano akasema, "simu ya mama imeleta ujumbe. Joto limefika nyuzi tisa ghala la saba. Inauliza kama yupo. Nijibu nini?"

Kinyozi alisimama na mashine mkononi akimtazama kwenye kioo. Kilichompitia Rula wakati huo kilikuwa hesabu tupu. Ukijibu "nipo", programu inaridhika kwamba mtu wa kwanza amepokea, na haimtafuti wa pili, ambaye hutafutwa robo saa ikipita bila jibu. Binti yake hakulijua hilo, akaacha kujibu, akauliza. Lakini yeye mwenyewe angalikuwa na simu ile mkononi, kidole gumba kingeandika "nipo" kabla macho hayajafika kwenye neno joto. Alilijua hilo kwa hakika, kama alivyoijua sauti yake ikisema themanini. Akasikia woga. Ulikuwa mdogo na wa mbali, lakini ulikuwa woga, na hakumbuki kusikia kitu cha aina hiyo kwa muda mrefu.

"Usijibu kitu," akamwambia. Akampigia mtunza ghala.

Mtunza ghala alimpigia fundi mpya, naye akafika mbio na kandambili miguuni. Wapakiaji walikuwa wametoka bila kuufunga mlango wa chumba cha baridi sawasawa. Ukafungwa. Makasha mawili yaliyokuwa karibu na mlango yalikuwa yamepata joto kupita kiasi, ikabidi yatupwe. Dawa za sukari. Yote hayo mtunza ghala alimweleza kwa simu baadaye, Rula akiwa amesimama nje ya duka la kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Shemeji," akamalizia, "mimi nilikuonea huruma. Yule alikuwa shoga yangu, na mimi kila Jumatatu nikifungua skrini yangu huku naliona jina lake, nalisalimia. Lakini fundi anakaa hatua mia, angetafutwa wa kwanza tusingetupa kitu. Huruma yetu imewalia watu wengine dawa zao. Sirudii tena."

Rula akasema amesikia. Akarudi kwenye kiti, akamaliziwa upande wa pili.

Nyumbani Sindano alikuwa ameiweka ile simu katikati ya meza, juu ya kitambaa alichokuwa akikata. Hakuuliza kwa nini inaulizwa maswali na ghala. Labda alikwisha kuelewa. Alisema tu kwamba alikaa dakika kumi akiutazama ujumbe, akiogopa kuandika kwamba yupo na akiogopa zaidi kuandika kwamba hayupo. Baba akaichukua simu, akaukunja waya wake vizuri, akamwambia asiwe na wasiwasi, wameshughulikia. Binti akamtazama, akasema haya, akarudi kwenye cherehani. Hakuna aliyekula vizuri siku hiyo.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Rula alikuwa amesimama mbele ya meza ya Upesi, kichwa kinang'aa.

"Kuna kanuni moja niliisahau," akasema. Kisha akajisahihisha. "Sikuisahau, dada. Niliificha."

Akaisema. Upesi akainua nyusi, akasema hiyo ni ya muhimu kuliko zote, akaiandika kwa mistari minne huku akiongea. Akakiendesha kikaguzi. Mistari ya kijani ikateremka kwenye skrini, moja, mbili, sita, na wa saba ukawa mwekundu. Kumi na miwili iliyobaki ikafuata kijani. Upesi akasogeza uso karibu, akasoma.

"Ghala la saba, mstari wa kumi na mbili. Mwenye namba hii hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi." Akamgeukia. "Huyu ni nani, mzee?"

"Mke wangu."

"Aliacha kazi?"

"Hapana," akasema Rula.

Upesi alikuwa mwepesi wa mambo yote. Safari hii akasema, taratibu, kwamba hakuna haja leo. Siku ya ujenzi ni Jumatano, na yeye mwenyewe anaweza kuubadilisha mstari huo hapo hapo, mzee asijisumbue. Rula akamwambia haiwezi kungoja Jumatano, ghala lile leo lina mlinzi asiyekuwapo. Na kuhusu kubadilisha, akaomba aachiwe.

Akaenda mezani kwake. Akatoa rula, akaiweka juu ya kioo, chini ya mstari wa kumi na mbili. Akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, zote kumi. Akaifuta kutoka mwisho kuja mwanzo. Kwa muda mstari ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa ukimjia zamani, na yeye akakaa akiutazama kwa urefu ambao Upesi, aliyekuwa nyuma yake, alihesabu kuwa dakika tano nzima. Kisha akaandika jina na namba ya fundi mpya.

Kikaguzi kikapita kijani, yote kumi na tisa. Mtambo ukajenga. Saa nne kasoro dakika sita programu ikawa imefika kwenye maghala yote, na hakuna aliyebonyeza "Yamepitiwa", kwa kuwa kitufe hicho hakikuhitajika tena.

Saa nne kamili Rula alikuwa na simu ya mke wake mkononi. Aliitoa mfukoni kwa mazoea na alijua kwamba ni mazoea. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya herufi. Saa nne na dakika moja. Mbili. Alikuwa hajawahi kupita dakika moja bila kujibu. Simu ilikaa kimya, kioo chake kikazima chenyewe, akaiona sura yake humo na kichwa kile kilichonyolewa.

Saa nne na dakika tatu mstari wa saba ukutani ukageuka kijani. Jina lilikuwa la yule kijana. NIPO, akasema kijana.

Rula alilisoma jina lile mara moja, na ganzi ikaanza kumtoka. Ilimtoka kama inavyotoka kwenye mguu ulioukalia vibaya, kwanza mchonyoto, na kila mtu anajua kwamba kinachofuata mchonyoto ni maumivu. Yalianzia kifuani, yakapanda. Akaweka simu ile mezani, akachukua yake, akampigia binti yake.

Cherehani ilisikika kwanza, kisha sauti ya Sindano ikiitikia.

"Mwanangu," akasema Rula. "Mama yako amekufa."

Cherehani ikanyamaza. Ofisini waandishi wa programu waliacha kuandika, mmoja baada ya mwingine, bila kujua wanasikiliza nini.

"Najua, baba," Sindano akasema. "Miaka mitatu namlilia peke yangu."

Rula akalia hapo mezani, kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Alipoweza kusema alimwambia binti yake asitoke, anakuja. Akasimama. Rula ya plastiki ilikuwa bado imeegemea kioo cha kompyuta, akaiacha hapo, akatoka saa nne na robo bila kuomba ruhusa.